Lukumani, Uliyezikwa Mara Mbili

Mwaka umezunguka ukarudi palepale, Lukumani, tangu tukulaze katika ardhi ya Koboko ubavuni mwa baba. Ulikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wengine wanaoandika kumbukumbu za namna hii husema machozi yamekauka na moyo umepoa. Sisi hatujapoa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na dada yako Shamim ni shahidi, maana tangazo hili ni lake kuliko letu sote, ingawa kalamu ameshika mdogo wako Zubeiri.

Tunazungumza na wewe. Wengine wakisikia, na wasikie. Yuko mmoja tunayetaka asikie vizuri sana, na jina lake litafika kwa wakati wake.

Kwanza wewe. Ulikuwa fundi wa vyerehani, na si sifa za marehemu tukisema Arua nzima hakuna aliyekuzidi. Mashine iliyokataa kushona ililetwa kwako hata baada ya mafundi watatu kuifungua na kubaki na vipuri vya ziada mkononi. Uliiinamia, ukazungusha gurudumu polepole kwa kidole kimoja, ukasikiliza, kisha ukamwambia mwenyewe, "Huyu anaumwa tumbo tu." Hukuwahi kumwambia mtu kwamba cherehani chake kimekufa. Mama mmoja wa Ayivu alikifunga chake nyuma ya baiskeli kwa kamba, kikafika kimelegea kila mahali. Ulipomaliza kukitengeneza ulikataa kifungwe tena vile. Ulitembea naye mpaka kwake ukikishikilia kwa mikono miwili, ukarudi na mihogo begani na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Sindano ulizichomeka kwenye kola ya shati ukazisahau. Mama alichomwa mara ngapi akikukumbatia! Kila mara alikutukana kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, na kila mara alirudi kukukumbatia. Hukuoa. Ukiulizwa ulijibu kwamba Jumamosi zako zimeshachumbiwa, na ni mwanamke gani atakubali mume wa siku sita?

Jumamosi hizo ndizo zilizotufikisha hapa. Atakayesoma bila kukujua atadhani tunasema karata, basi tumweleze. Ulipokuwa chuo cha ufundi Kampala, mwenzako wa bweni alikufundisha mchezo wa mezani usio na mshindi. Mmoja anakuwa mwenye hadithi: ndiye anayesema mvua imenyesha, lango limefungwa, chui ametokea. Wengine kila mmoja ana msafiri wake, mtu wa kubuni mwenye jina na tabia zake, na anasema msafiri huyo anafanya nini. Pakiingia shaka kama ataweza au hataweza, dadu zinatupwa, na zikisema zimesema. Hadithi haiishi siku hiyo. Inasubiri wiki ijayo, na ijayo tena. Kitabu cha mwenzako kilijaa majoka na ngome za Wazungu. Wewe ulirudi Arua bila kitabu, ukatengeneza nchi yako mwenyewe, na hadithi yake ikaenda miaka kumi na mmoja.

Mlicheza katika chumba cha nyuma ya karakana yako Awindiri, kuanzia baada ya sala ya alasiri mpaka adhana ya magharibi. Meza uliiunga kwa mbao za vyerehani vitatu ambavyo, ukweli usemwe, vilikuwa vimekufa. Ramani uliichora kwenye karatasi za kukatia mitindo, nayo ilijaa madoa ya vidole vyako. Driciru, mwalimu wa Ombaci aliyekuwa mmoja wa wachezaji, alizoea kusema kwamba nchi yenu ina maziwa mengi kuliko Uganda, yote ya mafuta ya cherehani. Wa pili alikuwa Étienne, muuza vitenge kutoka Kongo, mwenye sauti ya kuita wateja hata akinong'ona.

Wa tatu alikuwa Hakimu. Huyo tulimjua kabla ya wote. Mlisoma darasa moja Koboko, mlikula sahani moja, mama alimwogesha kama alivyokuogesha wewe. Ndiye huyo tunayetaka asikie.

Katika nchi yako palikuwa na mto ulioitwa Keleko, ambao asubuhi moja ulikauka wote, samaki wakabaki juu ya mawe. Wasafiri walikuwa wakipanda kuufuata mto huo mkavu kwenda chanzo chake, kumtafuta aliyeufunga. Miaka kumi na mmoja walitembea. Waliyokutana nayo njiani yalijaza madaftari ishirini na mawili, lakini swali lilibaki lilelile: nani ameufunga mto, na kwa nini? Jibu ulilijua wewe peke yako. Wakikubembeleza ulicheka, ukasema, "Tembeeni."

Hakimu ndiye aliyelitamani kuliko wenzake. Msafiri wake aliitwa Bashiri, askari asiye na jeshi, aliyepoteza watoto wake kwa kiu. Hakimu alikuwa akikuvamia sokoni mbele za wateja na makisio yake: ni mfalme? Ni mchawi? Ni sisi wenyewe bila kujua? Ulimpaka tone la mafuta puani, ukamwambia aende akafanye kazi. Tulikuwa tunacheka, na leo tunajilaumu kwa kicheko hicho.

Meza yenu ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilitokana na Étienne. Mwaka wa tatu alivuka kwenda kwao kumzika mjomba, vita vikamfungia njia, hakuonekana miezi mitatu na simu yake haikuita. Msafiri wake, mganga aitwaye Mapendo, alikuwa ameachwa amelala chini ya jiwe. Ulikataa aguswe. Kila Jumamosi ulianza hadithi kwa kusema, "Mapendo amelala chini ya jiwe, anapumua vizuri," na wengine walikaa hapohapo wakimlinda, wala hawakusogea hata hatua. Étienne aliporudi amekonda kama ufito, akauliza msafiri wake yuko wapi, mkamwonyesha kwenye ramani. Alilia mbele yenu. "Kumbe mulinichunga muda yote hii?" Tangu hapo ikawa sheria: asiyekuwepo, msafiri wake amelala, na aliyelala haguswi.

Ya pili ilikuwa fupi. Kilichosemwa mezani hakirudi.

Figo zilipoanza kukusumbua, Lukumani, hukutuambia mapema. Tuliona tu miguu imevimba na viatu vimekuwa kandambili. Ulichofanya kwanza ni kuomba kitu ambacho hukuwahi kuomba. "Nimewatembeza miaka yote hii," uliwaambia. "Sasa na mimi nataka kutembea." Ukampa Hakimu kiti cha mwenye hadithi awasimulie njia tu, jibu la mto ukabaki nalo mwenyewe. Bashiri wake akalazwa kando ya mto mkavu, asubiri mpaka utakapopona na kurudi kitini.

Msafiri uliyemtunga wewe alikuwa mvushaji mzee aitwaye Toba. Alikuwa na mtumbwi na hakuwa na mto. Aliubeba kichwani, akipanda nao juu ya mawe, watoto wa vijiji wakimzomea. Wenzake wakimwuliza kwa nini anajichosha, alijibu, "Siku mto ukifunguka, wa kwanza majini ni mimi." Shamim alikuletea chai Jumamosi moja akakuta unayasema hayo, miguu yako imeinuliwa juu ya debe kwa sababu ya uvimbe, na macho yako yanang'aa. Hakuhitaji kuelezwa Toba ni nani.

Ulicheza na Toba Jumamosi kumi na mbili.

Kisha ukalazwa hospitalini. Jumamosi ya kwanza ilipita, wenzako wakaja kukusalimia, wakasema Toba amelala salama, mtumbwi wake umemfunika. Wiki ya pili ulianza kupata nafuu. Daktari alisema Ijumaa ijayo ungeweza kurudi nyumbani ukaendelee na dawa, nawe ulimwagiza Shamim apige pasi shati la bluu, maana Jumamosi ungekuwa mezani.

Hakimu hakuwepo daktari aliposema hayo. Yeye alisimama kwenye korido siku moja kabla ya Jumamosi ya pili akasikia watu wawili wakisema kwamba yule wa figo hamalizi wiki. Wodi ilikuwa na wagonjwa wanne wa figo. Hakuuliza ni yupi. Aliondoka na neno lake kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, akaenda mezani, na akawaambia Driciru na Étienne kwamba ni vizuri wakuage kwa njia yako mwenyewe, wakati bado unaweza kusikia. Wakakubali. Hilo wao wenyewe walikuja kuungama, na ndiyo maana leo majina yao yamo katika kumbukumbu hii.

Alizitupa dadu yeye. Kwa mkono wake, kwa ajili ya msafiri wako, wewe ukiwa hupo. Akasema Toba amekata roho usingizini, na wasafiri wakamlaza ndani ya mtumbwi wake, wakaufunika kwa mawe katikati ya mto mkavu. Tumeambiwa yalikuwa maneno mazuri. Tumeambiwa Étienne aliimba. Watu wazima watatu walikaa Awindiri wakamlilia mtu ambaye wakati huohuo alikuwa amekaa kitandani anakula uji na kulalamika kwamba hauna sukari.

Jumanne Hakimu alikuja wodini amevaa kanzu, na karatasi mkononi. Shamim alikuwa anakumiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Luku," alisema, "sisi nafanya wewe kitu ya heshima." Akasoma yote, mtumbwi, mawe, wimbo. Alilia akisoma.

Ulimsikiliza mpaka mwisho. Ukauliza, "Nyinyi nazika mimi?"

"Hapana wewe. Toba."

"Toba ni nani, Hakimu?"

Hakimu aliikunja karatasi yake.

"Dadu natupa nani?"

"Mimi."

"Na mimi iko wapi?"

Uligeukia ukutani. Shamim alimshika Hakimu mkono wa kanzu akamtoa mpaka getini, na tunamshukuru Mungu kwamba chupa ya chai aliiacha ndani.

Hadi hapo, Lukumani, tungeweza kusamehe. Mtu hukosea, rafiki hukosea zaidi, na huzuni huwapa watu akili za ajabu. Sikiliza kilichofuata, ingawa unakijua.

Ijumaa ulitoka hospitalini kama daktari alivyosema. Driciru alipokuona uani kwako huko Arua umekaa kwenye kiti, alirudi mbio kwa Hakimu akamwambia amfufue Toba. Aseme ilikuwa ndoto, aseme mzee aliamka akayasukuma mawe, aseme lolote. Hakimu alikataa. "Neno ya meza hapana rudi," alisema. "Ni Luku nafundisha sisi." Alivunja sheria moja ili akuzike, akashika nyingine ili asikufufue. Tumeligeuza jambo hili mwaka mzima, juu chini, mbele nyuma, na kila tukiligeuza linatuchoma upande mwingine.

Jumamosi Étienne alikuja kukuita. Ulikuwa umevaa lile shati la bluu. Ulimwambia kwa tabasamu, "Maiti haiketi mezani, Étienne."

"Kaka, tutafanya mutu mupya."

"Mtu mpya anataka miaka."

Étienne alikwenda zake akiinamisha kichwa. Shamim alikuuliza, kwa nini usiende tu ukakaa, hata kama huna msafiri? Ulisema ukienda utawaaibisha. Mpaka adhana ya magharibi ulikaa pale uani, miguu juu ya debe, na tuliona midomo na macho yako vikienda huko waliko wenzako. Katikati ya wiki ulijikokota mara moja peke yako mpaka karakana, ukarudi, na Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu hukuweza kuinua kichwa, na kesho yake, Jumapili, siku ya kumi na tisa tangu ile Jumanne, ulituacha.

Hakimu alikuibia Jumamosi mbili. Kwa mwenye miaka mingi mbele yake hizo si kitu. Wewe ulikuwa nazo mbili tu.

Alikuja kwenye mazishi. Alibeba jeneza upande wa mbele kulia, akalia kwa sauti, watu wakasema tazama rafiki. Shamim alimtazama kweli. Hakumtukana, kwa heshima ya mama. Alijiambia kwamba kulipiza kisasi ni kama kushona: anayeharakisha hukata uzi.

Baada ya arobaini yako Shamim alikwenda Awindiri kufungua karakana, arudishe mashine za watu. Katika droo ya cherehani kimoja alikuta daftari la ishirini na tatu. Hakuna aliyejua lipo. Ulikuwa umeliandika katika miezi yako ya mwisho, na kama kawaida yako kila ukurasa una tarehe yake juu pembeni. Mto Keleko ulifungwa na nani, na kwa nini, na utafunguliwaje, yote yamo. Ukurasa wa mwisho kabisa si wa wote. Umeandika juu yake jina la mtu mmoja, na maneno yaliyo chini ni yake huyo.

Jina hilo ni Hakimu.

Shamim aliusoma amesimama, akaurudia amekaa sakafuni, akalia mpaka jirani anayekaanga chapati akaja na unga mikononi kuuliza kuna nini. Kisha akakugombeza, Lukumani. Ndiyo, wewe. Aligombeza karakana nzima, cherehani kwa cherehani, kwa yale uliyoyaandika. Halafu akalifunga daftari ndani ya khanga, akalileta Koboko.

Hakimu alipata habari kwamba daftari lipo. Akatuma salamu, akatuma watu, akaja mwenyewe. Wakati huo Shamim alikuwa ameshaamua. Alikwenda Ombaci Jumamosi, nyumbani kwa Driciru, akamwita na Étienne. Walitandika ramani mezani. Shamim alikaa kwenye kiti cha mwenye hadithi, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa mleta chai, akafungua daftari.

"Hakimu iko wapi?" Étienne aliuliza.

"Yeye hapana kuwepo."

"Dada, tumungoje. Myaka yote hii, ule mutu..."

"Mimi hapana ita yeye."

Akasoma. Wanasema mto ulipofunguka Driciru alisimama akashika kichwa, na Étienne akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyefika. Tutaishia hapo. Kilichoufungua hatukiandiki katika tangazo hili, wala tusingekiandika hata tukilipwa, kwa sababu Hakimu anajua kusoma.

Alipofika ukurasa wa mwisho Shamim aliusoma huo pia. Driciru alimwambia, "Shamim, huu si wetu. Mpelekee mwenyewe." Alimwomba kwa jina la Mungu, kisha kwa jina lako.

Shamim alisema, "Bashiri iko nalala kando ya mto. Mwenyewe hapana kuwepo. Mtu hapana gusa yeye." Na aliposema hivyo akiwa kwenye kiti hicho, na ramani mbele yake, wenzako wawili walijua limekwisha. Hadithi ya miaka kumi na mmoja imefika mwisho wake, mto umejaa, wasafiri wamekunywa, na Bashiri amelala palepale kwenye kiu yake. Hakuna wa kumwamsha. Étienne na Driciru wameheshimu jambo hilo mpaka leo, ingawa Driciru hazungumzi tena na Shamim kama zamani. Naye Shamim ameukubali uchungu huo. Anasema ni sehemu ya bei.

Mwezi uliopita Hakimu alikuja Koboko asubuhi akaketi kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Amekonda. Mama alitoka akamwona, akarudi ndani akiwa amebadilika uso.

"Shamim, huyu mtoto nakula kwa mkono yangu," alisema. "Yaliyopita si ndwele. Wewe patia yeye karatasi, maneno iishe."

"Mama, yeye nazika kaka na kaka iko nakula uji."

"Mimi najua. Mimi nazaa kaka yako."

"Basi mimi hapana patia."

Hakimu alikaa mpaka mchana. Shamim hakumnyima maji, maana hatukulelewa hivyo. Alimpelekea kikombe yeye mwenyewe, na hapo ndipo alipoombwa.

"Shamim, mimi nakosa. Kila siku mimi najua. Mimi hapana taka tena kujua mto." Alikunywa kidogo, maji yakamwagika kidevuni. "Sema moja tu. Jina yangu iko ndani?"

"Iko."

Hakimu alifumba macho. Alipoyafumbua aliuliza lile alilokuja nalo, na sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka arobaini. "Yeye naandika lini? Mbele ya ile Jumanne, ao baada?"

Ona alivyo na akili mtu huyu. Hata asipojua yaliyomo katika ukurasa, tarehe ingemtosha. Kama ni kabla, basi jina lake liliandikwa na rafiki ambaye bado hajazikwa, na halina maana yoyote sasa. Kama ni baada, basi ulikuwa umeshamsikia akisoma karatasi yake, umeshageukia ukutani, na bado ukachukua kalamu ukamwandikia. Swali lake lote lilikuwa hilo. Lukumani alikufa ameniacha, au alikufa amenishika?

Shamim anaijua tarehe, nasi nyumbani tunaijua. Alikichukua kile kikombe, akakikung'uta, akaingia ndani na kufunga mlango. Kupitia dirishani tulimwona Hakimu amekaa vilevile, kisha amesimama, kisha amekaa tena. Aliondoka jua likiwa kichwani, akasahau kofia. Shamim alimtupia mbuzi aitafune.

Hatuombi radhi. Watakaosema ulikuwa mtu mpole na usingependa haya, tunawajibu kwamba tunajua, na kwamba upole wako ndio uliompa Hakimu kiti. Wewe samehe huko uliko, una nafasi. Sisi tumebaki hapa na shati la bluu lililopigwa pasi kwa ajili ya Jumamosi ambayo hukuipata. Ukikutana na Toba msalimie, mwambie mto umejaa.

Wanaokukumbuka ni mdogo wako Zubeiri, aliyeandika. Shangazi yako Shakirah, anayekusomea dua kila Ijumaa. Driciru na Étienne, tuliowapokea kama ndugu. Dada yako Shamim, ambaye hajasamehe na ameagiza iandikwe hivyohivyo. Na mama yako, Sadiya.

Mama alikataa jina lake litiwe hapa mpaka aruhusiwe kuweka neno lake mwenyewe. Tulibishana siku tatu, sahani zikipokelewa bila asante na milango ikifungwa kwa kishindo. Jana Shamim alisimama, akasema tuandike tunachotaka, lakini ukurasa hautoki mkononi mwake akiwa hai, kisha akatoka nje na kukaa peke yake uani. Basi neno la mama ni hili, kama alivyolisema: "Hakimu, mtoto yangu, yeye naandika baada."

Lukumani, hatutakusahau siku zote tutakazopewa.